Namna ya kutengeneza bomba kubwa la chuma kwa kukunja bamba na kuchomelea

Kila baada ya wiki chache hufika karakanani kijana aliyemaliza mafunzo ya uchomeleaji, au mkandarasi mdogo aliyepata kazi ya maji, akiwa na swali lile lile: bamba bapa hugeuka vipi kuwa bomba la kipenyo cha mita moja, na kwa nini bomba alilojaribu kulitengeneza mwenyewe limetoka na umbo la yai? Mwongozo huu unamhusu msomaji ambaye tayari anaweza kuchomelea bamba la milimita 10 likapita ukaguzi, lakini hajawahi kutengeneza bomba tangu mwanzo. Nitalirudia jambo moja hadi uchoke kulisikia, kwamba kasoro nyingi anazolaumiwa mchomeleaji huwa zimekwisha kuingia kwenye bomba kabla hajawasha mashine yake, kwa kuwa huingia wakati wa kupima, wa kukata na wa kukunja miisho ya bamba.

Njia zilizopo

Viwanda vikubwa vina njia kadhaa. Ipo ya kubana bamba refu kwa presi kubwa hadi liwe na umbo la herufi U, kisha O, kulichomelea ndani na nje, na mwishoni kulitanua kidogo kutoka ndani ili duara likamilike. Ipo ya kulikunja bamba kwa hatua nyingi ndogo, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, na katikati mwisho. Ipo pia ya mshono wa mzunguko mshazari, ambayo mkanda mrefu wa chuma hufunguliwa kutoka kwenye roli na kuzungushwa kwa pembe, ukingo ukichomelewa kwa ukingo, kama msusi anavyozungusha ukili na kuushona kuwa kikapu. Uzuri wa njia hiyo ya mwisho ni kwamba mkanda wa upana mmoja hutoa mabomba ya vipenyo tofauti kwa kubadilisha pembe tu.

Mabomba ya shinikizo kubwa, kama lile la gesi la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, au lile la mafuta ghafi la inchi 24 la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kazi ya viwanda vya namna hiyo, na karakana ya kawaida isijidanganye. Kazi ya karakana ni mabomba ya maji, makaravati, na mabomba yanayoteremsha maji kwenye mitambo midogo ya umeme kama ile ya Njombe na Mufindi. Kwa kazi hizo hutumika mashine ya rola tatu au nne, na ndiyo njia nitakayoieleza.

Mfano wetu ni bomba la kipenyo cha ndani milimita 1,000, unene wa milimita 10 na urefu wa mita 6, linaloundwa kwa pete nne za milimita 1,500 kila moja.

Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa mabamba ya chuma laini yenye cheti cha kiwanda, na uhakikishe kwamba namba iliyopigwa kwenye bamba ni ile iliyo kwenye cheti. Bamba la milimita 1,500 kwa 6,000 ndilo linalofaa hapa. Utahitaji pia:

- mashine ya kukunja yenye rola zinazomudu unene na upana wa bamba lako, pamoja na presi ya kukunjia miisho;
- kikatio cha gesi chenye kigari na reli, au cha plazma, kwa kuwa mkono mtupu hauwezi kukata mstari wa mita tatu ulionyooka;
- tepu ya chuma, skwea kubwa, kamba ya chaki, na kiolezo cha duara;
- mashine ya kuchomelea ya mkondo mnyoofu (DC), elektrodi za E7018 (aina isiyotaka unyevu) na tanuri la kuzikaushia;
- grainda, kabari, vibano, na rola za kuzungushia bomba;
- kreni au winchi ya mnyororo, kwa sababu pete moja ina uzito wa kilo 374 hivi na bomba zima linakaribia tani moja na nusu;
- feni ya kupuliza hewa ndani ya bomba.

Kiolezo kikate kutoka kwenye shiti nyembamba kwa nusu kipenyo cha milimita 500. Kipe upana wa milimita 500 kutoka ncha hadi ncha, nacho kitafunika sehemu moja ya sita ya duara. Kiolezo kifupi zaidi ya hapo hudanganya, kwa maana kila mahali kitaonekana kimekaa sawasawa.

Hatua za kazi

1. Piga hesabu ya urefu wa bamba. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanza kukosea. Hesabu haifanywi kwa kipenyo cha ndani wala cha nje. Tumia kipenyo cha katikati ya unene, kwa sababu chuma kinapokunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa, na urefu usiobadilika ni ule wa katikati. Kwa mfano wetu kipenyo hicho ni 1,000 kujumlisha 10, yaani milimita 1,010. Zidisha kwa 3.1416 upate milimita 3,173. Aliyetumia kipenyo cha ndani angepata 3,142, na bomba lake lingepungua milimita 10 nzima kwenye kipenyo. Mwanya wa kuchomelea na kusinyaa kwa mshono huelekea kufutana, kwa hiyo kwa unene huu sina kawaida ya kuongeza wala kupunguza.

Kabla ya kukata, angalia mabaki yatakuwa nini. Ukitoa 3,173 kwenye bamba la 6,000, na milimita chache za njia ya kikatio, kinabaki kipande cha milimita 2,820 na ushee, kinachotosha pete ya kipenyo cha katikati kisichofika milimita 900. Ukiwa na kazi nyingine ya kipenyo hicho, umepata pete ya bure.

2. Kagua bamba, piga mistari na ukate. Ondoa magamba na kutu kwa brashi ya waya, kwani magamba yakiingia chini ya rola hugandamizwa kwenye chuma na kuacha vishimo. Usiamini kingo za kiwandani kwamba ziko mraba. Piga mstari wa msingi kwa chaki, jenga pembe nne upya, kisha pima ulalo wote wawili, yaani mstari wa kona hadi kona. Kwa bamba la 3,173 kwa 1,500 kila ulalo uwe karibu na milimita 3,510, na tofauti kati yao isizidi milimita 2.

Nilipokuwa mwanagenzi tulikata bamba ambalo ulalo wake ulitofautiana kwa milimita 6. Fundi mwenzangu alisema hiyo ni sawa na unene wa kidole cha mtoto, tuendelee. Bamba lilipokamilisha duara, mdomo wa bomba ulikuwa na ngazi ya milimita 7, na tulishinda siku mbili tukiusaga kwa grainda huku mchomeleaji, ambaye wakati wa kukata hakuwapo kabisa, akiulizwa kwa nini kazi imechelewa.

3. Chonga kingo za kuchomelea. Fanya kazi hii bamba likiwa bado bapa, kwa kuwa ni mwepesi wa kuchongwa sasa kuliko litakapokuwa limesimama kama pipa. Chonga kila ukingo kwa nyuzi 30, ili zikikutana zifanye V ya nyuzi 60, na uache milimita 2 za chini bila kuchonga. Upande uliochongwa uwe ndio utakaokuwa ndani ya bomba. Andika neno «ndani» kwa chaki kubwa juu yake, maana bamba likigeuzwa na kreni hakuna anayekumbuka.

4. Kunja miisho ya bamba. Nakusihi usiiruke hatua hii. Mashine ya rola tatu haiwezi kukunja ncha za bamba, kwa sababu bamba hupindishwa kati ya rola mbili za chini, na ncha ikishapita rola hiyo haina tena kinachoishikilia. Kwa hiyo kila mwisho hubaki na kipande bapa chenye urefu wa karibu nusu ya umbali kati ya rola za chini. Vipande hivyo viwili vikikutana kwenye mshono hutoa kilele kama paa la kibanda, na lile ndilo «yai» ambalo watu huja kuliuliza.

Tumia presi. Bonyeza mwisho wa bamba kwa hatua za milimita 30 hadi 40, ukianzia ukingoni na kuja ndani, hadi uvuke kidogo urefu wa kile kipande bapa. Baada ya kila safari weka kiolezo na utazame mwanga unaopita chini yake. Mwanga ukionekana katikati ya kiolezo, umekunja kupita kiasi. Ukionekana kwenye ncha zake, bado. Asiye na presi anaweza kuweka chini ya mwisho wa bamba kipande cha bamba nene zaidi kilichokwisha kukunjwa, na kuvipitisha vyote kwenye rola kwa pamoja. Wengine huacha ziada kila mwisho na kuikata baada ya kukunja, njia inayofaa ila inakula chuma. Mwenye mashine ya rola nne hufanya kazi hii ndani ya mashine yenyewe.

5. Viringisha bamba. Liingize likiwa mraba kabisa na rola. Piga mstari wa chaki sambamba na ukingo wake na uulinganishe na rola ya chini kabla ya kubana. Shusha rola ya juu kidogo kidogo, upitishe bamba lote kwenda na kurudi, kisha upime kwa kiolezo kushoto, katikati na kulia. Chuma hurudi nyuma kidogo kila kinapoachiliwa, kwa hiyo safari ya mwisho huwa na mkunjo uliozidi wa kiolezo kwa kiasi kidogo. Afadhali safari kumi za polepole kuliko nne za haraka, kwa kuwa bamba lililokunjwa mno hukunjuliwa kwa taabu na mara nyingi hubaki na mawimbi.

Bamba likipanda juu ya mashine lishikilie kwa kreni, la sivyo uzito wake wenyewe utaliangusha na kuharibu mkunjo. Asiwepo mtu mwenye glavu zinazoning'inia karibu na rola. Rola huvuta glavu, na glavu huvuta mkono.

6. Funga pete na uishikize. Kingo mbili zikutane na kuacha mwanya wa milimita 2, juu hadi chini. Tumia kabari na vibano kulinganisha nyuso. Kwa unene huu ukingo mmoja usiupande mwenzake kwa zaidi ya milimita 1.5, kiasi ambacho hata kiwango cha API 5L cha mabomba ya mafuta na gesi hukiweka kuwa mwisho. Shikiza kwa doti, yaani vichomeleo vifupi vya kushikiza tu, za milimita 50 kila baada ya milimita 300, zote kwa nje, kwa sababu upande huo utachimbwa baadaye. Zungusha tepu kwa nje na usome takriban milimita 3,204. Mwishoni chomelea vipande vidogo vya bamba kwenye ncha mbili za mshono, ili mwanzo na mwisho wa kila safari ya moto (tabaka moja la mchomeleo) uangukie nje ya pete. Ncha hizo ndizo zenye kasoro nyingi, na vipande vitakatwa viende nazo.

7. Chomelea mshono wa urefu. Elektrodi zikaushwe kwa nyuzi 350 za Selsiasi kwa saa moja, kisha zikae kwenye tanuri dogo la nyuzi 120 hadi zitumike. Boksi lililofunguliwa jana na kuachwa juu ya meza si elektrodi kavu, hata kama linaonekana jipya. Asubuhi ya baridi, hasa nyanda za juu, pasha mshono kwa moto wa gesi hadi umande utoweke.

Laza pete mshono ukiwa chini, uanze kwa ndani. Safari ya kwanza hupigwa kwa elektrodi ya milimita 3.2 na ampea 100 hadi 130; za kujaza kwa milimita 4 na ampea 140 hadi 180. Chomelea vipande vya milimita 300 kwa mtindo wa kurudi nyuma, kila kipande kikiishia pale kilichotangulia kilipoanzia, ili joto lisikusanyike upande mmoja. Safisha kila safari hadi chuma king'ae. Baada ya hapo geuza pete, chimba mshono kwa nje kwa grainda hadi doti zote na masalia ya safari ya kwanza yaondoke na chuma safi kionekane, kisha ujaze.

Mwenye mashine ya arki iliyozama kwenye fluksi, yaani unga unaofunika moto wa kuchomelea, hana haja ya V kwa unene huu: kingo mraba zilizobanana, safari moja ndani na moja nje, zinatosha. Ila mwanya ukifika milimita moja, chuma kilichoyeyuka kitamwagika sakafuni, kwa hiyo mashine hiyo haisamehe ukataji mbaya.

Hatari ya kazi ya ndani haitoki kwenye moto peke yake. Puliza hewa kwa feni muda wote. Usipulize oksijeni hata kidogo, kwani nguo ndani ya oksijeni nyingi huwaka kama petroli. Mipira ya gesi itolewe ndani ya bomba kila mnapokwenda kula, na nje abaki mtu anayemwona aliye ndani.

8. Rudisha pete kwenye rola. Saga kilele cha mshono wa ndani kibaki chini ya milimita 1.5, kisha upitishe pete mizunguko miwili au mitatu. Pima vipenyo kila nyuzi 45. Tofauti ya kikubwa na kidogo isizidi asilimia 1, yaani milimita 10. Ukaguzi wa mshono ufanyike baada ya hatua hii, kwa sababu mshono dhaifu hufunguka hapa hapa.

9. Unga pete. Kabla ya yote, andika mzingo wa kila pete na uzipange kwa kufuatana: pete mbili zinazotofautiana mzingo kwa milimita 3 zina tofauti ya kipenyo ya milimita moja, na ngazi ya nusu milimita tu kuzunguka kote. Weka msalaba wa chuma ndani ya kila mdomo ili usibonyee. Mishono ya urefu ya pete jirani isifuatane mstari mmoja. Umbali wa chini kabisa kati yake ni mara tano ya unene, lakini mimi huipishanisha robo duara, na huepuka kuiweka chini kabisa ambako mchanga husaga.

Shikiza juu, chini, kushoto na kulia kwa mpangilio huo, kisha jaza katikati. Bomba likizunguka kwenye rola, moto uwekwe kabla kidogo ya kilele, upande ambao chuma kinapanda kuja juu, ili kilichoyeyuka kigande kinapofika kileleni badala ya kuchuruzika. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bomba lenyewe kwa kiunganishi kinachozunguka. Ukiufunga kwenye fremu ya rola, umeme utapita kwenye beringi na kuziua.

10. Kagua na upime kwa maji. Macho kwanza, halafu rangi ya kupenya, ile inayopakwa ili kuonyesha nyufa, kisha mawimbi ya sauti au mionzi kama mkataba unavyotaka. Upigaji picha wa mionzi nchini Tanzania uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa hiyo aje mwenye leseni.

Bomba la kazi ya baa 10 kwa kawaida hupimwa kwa baa 15. Ukuta wa milimita 10 hausumbuki na shinikizo hilo, kwani mkazo wake haufiki megapaskali 80, na chuma laini cha kawaida huanza kunyumbuka kwenye 235. Kinachosumbua ni vifuniko. Baa 15 kwenye uso wa kipenyo cha mita moja ni msukumo wa takriban tani 120, na bamba bapa lisilotiwa mbavu halitauhimili. Asisimame mtu mbele ya kifuniko. Usipime kwa hewa, kwa sababu hewa iliyobanwa ikiachiliwa hulipuka, wakati maji hupoteza shinikizo mara tu yanapovuja. Acha tundu la kutolea hewa mahali palipo juu kabisa, na wakati wa kumwaga maji lifungue kwanza. Bomba la mita moja lenye ukuta wa milimita 5 linaweza kunyonywa na kubonyea likimwagwa huku limezibwa juu. Kumbuka pia kwamba bomba letu likijaa lina maji tani 4.7, na vihimili vyake viwe vimejengwa kwa uzito huo.

Mambo yakienda kombo

Pete ina kilele kwenye mshono. Miisho haikukunjwa vya kutosha. Kilele kidogo huondoka kwenye hatua ya 8. Kikubwa hakiondoki, kata mshono, rudisha miisho kwenye presi.

Mwanya umefunga kwenye midomo na uko wazi katikati, bomba likawa kama pipa. Rola ya juu inapinda kwa mzigo. Weka kipande chembamba cha shiti katikati ya rola na bamba katika safari za mwisho, au punguza mzigo wa kila safari. Hali ya kinyume, yaani bomba lenye kiuno, hutokea rola iliyonona katikati kwa ajili ya mabamba mazito inapokunja jembamba.

Mdomo mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Rola haziko sambamba. Pima nafasi yake pande zote mbili kabla ya kulaumu bamba.

Midomo ina ngazi. Bamba halikuwa mraba au liliingia kombo. Ukiwa bado hujachomelea, jaribu kuivuta kwa winchi kama ni milimita mbili au tatu. Zaidi ya hapo unajenga mkazo utakaokuja kudai haki yake kama ufa.

Vitundu vya hewa kwenye mshono. Tafuta unyevu, rangi au mafuta, kwa mpangilio huo. Vikitokea mwanzoni mwa kila elektrodi tu, arki ilikuwa ndefu wakati wa kuwasha.

Ufa katikati ya mshono. Angalia kama kingo zililazimishwa kukutana, na kama shimo la mwisho wa safari liliachwa bila kujazwa. Ufa hauzibwi kwa juu. Chimba hadi uishe, hakiki kwa rangi ya kupenya, kisha chomelea upya.

Bomba zima limepinda baada ya pete kuungwa. Midomo haikuwa mraba na mhimili, au mshono wa mzunguko ulichomelewa upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine. Nyoosha kwa kukata kiungo kimoja, kile kilicho karibu na katikati ya mpindo.

Tone la maji wakati wa kupima. Weka alama kwa chokaa, shusha shinikizo, mwaga maji hadi chini ya alama, kausha, chimba na uchomelee. Ukiona fundi ameshika nyundo akitaka kugonga tundu lijifunge wakati mshale wa geji bado uko kwenye baa 15, mnyang'anye.